Ukucha wa Kumi na Nane

Ujumbe wa msiba ulinikuta dukani kwangu Tunduma, nimekaa kwenye kiti changu kile cha kuzunguka, na sikuweza kuusoma. Siyo kwamba sijui kusoma. Darasa la saba nilimaliza, na vijana wenye digrii wanaoniletea barua za kuomba kazi nilikuwa nawaonyesha makosa yao mimi mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Ni macho. Sukari imeyashika, mwaka wa tatu sasa, na hata haya ninayoandika nayaandika kwa herufi kubwa kama za mtoto anayeanza shule, ukurasa mzima unajaa kabla sijasema kitu. Nikampa simu dereva wangu, Jofrey. Akasoma kwamba Mzee Kibona wa Isansa amefariki na mazishi ni Alhamisi. Kisha akaniuliza, "Bosi, huyu si ndiye yule mzee wa mablanketi?" Nikamwambia ndiye. Kila Krismasi Jofrey alikuwa anampelekea blanketi jipya na mfuko wa sukari, na kila mara anarudi na salamu, na mimi nazipokea salamu na kuendelea na kazi. Malori yangu manne yanakwenda Lubumbashi na kurudi, barabara yote inanijua, lakini Isansa, ambako mtu anafika asubuhi na kurudi mchana, sikuwahi kukanyaga kwa miaka zaidi ya ishirini.

Watu wa Tunduma wanajua nilivyoanza, maana nimewaambia mwenyewe. Kwenye harusi, kwenye harambee ya kanisa, hata nilipofungua nyumba yangu ya wageni na mkuu wa wilaya yupo, nilishika kipaza sauti nikasema, "Mnayemwona hapa alianza na sungura mmoja." Watu wanapiga makofi. Ni kweli nilianza na sungura mmoja. Kuhusu nilikozaliwa na walionilea sitasema kitu, hayo ni mambo ya kawaida, kila mtu anayo. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule niliokaa nyumbani kwa Mzee Kibona, kwa sababu nimechoka kuubeba, na kwa sababu mtu mmoja ameniambia niuandike.

Wakati ule mkoa wa Songwe haujazaliwa, wote tulikuwa Mbeya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nguvu za punda. Nilikuwa nimesukuma baiskeli za mizigo mpakani, sabuni na mafuta kwenda Nakonde, unga na vitenge kurudi, mpaka kifua kikaanza kunibana kwa vumbi. Mtu akaniambia Mbozi wanatafuta wachuma kahawa, nikaenda. Huko Isansa nikakuta watu wazima, wakulima wenye mashamba yao, wazee wa kanisa, wanabishana juu ya sungura. Si sungura wa kitoweo. Sungura wa mbegu, wenye kadi ya ukoo iliyoandikwa baba nani, babu nani, kama wafalme. Miaka mingi nyuma mmisionari mmoja aliwaleta kwenye masanduku, na Mzee Kibona, mtu wa Isongole aliyekuwa bwana mifugo wa serikali, alipostaafu akabaki nao. Akaanzisha chama cha wafugaji, na mara nne kwa mwaka walikuwa na maonyesho yao, na jaji alikuwa yeye peke yake. Nilicheka sana siku ya kwanza. Baada ya wiki mbili nikanunua jike langu la kwanza kwa ujira wa kuchuma.

Mzee alinipa chumba kwa sababu ya mwandiko wangu. Aliniona naandika jina la mwenye shamba kwenye gunia akaniuliza, "Kijana, hiyo herufi umeipata wapi?" Nikajibu, "Ni ya kwangu, Mzee." Akasema anahitaji karani. Chumba chenyewe kilikuwa cha matofali mabichi, na ukuta wake haukufika juu, uliishia usawa wa mtu mrefu na kutoka hapo kwenda kwenye bati ilikuwa wazi, kwa hiyo nyumba nzima ilipumua hewa moja. Upande wangu kulikuwa na kitanda cha kamba, magunia ya majani makavu ya sungura, na harufu ya kahawa ya mwaka jana iliyokwama kwenye kona. Upande wa pili ulikuwa ukumbi, na humo ndani ya ukumbi, juu ya kabati, karibu na redio, alikaa Kaisari. Huyo alikuwa sungura dume wa kijivu, wa aina iitwayo chinchila, safi wa mwisho wa ile mbegu ya mmisionari, kichwa kama ngumi, na masikio yamesimama kama anasikiliza taarifa ya habari. Ukimpuliza manyoya yanafunguka kama ua: chini bluu ya moshi, katikati duara jeupe, juu ncha nyeusi. Nyumba yangu ya sasa ina vyumba sita na sijawahi kulala vizuri kama nilivyolala pale.

Tulikuwa tunakula pamoja, Mzee, mkewe Mama Tumaini, na mimi. Ugali, maharage, majani ya maboga, na Jumapili sungura aliyeshindwa. Mama Tumaini alimpika kwa karanga na chumvi ya Ivuna, ile ya magadi magadi, alisema chumvi ya dukani haina akili. Ni hapo mezani nilipogundua. Mzee alikuwa akimimina chai mwenyewe, anaingiza kidole ndani ya kikombe, chai ikigusa kidole anaacha. Nikafikiri ni mazoea ya wazee. Siku nyingine nikasogeza bakuli la mboga upande wa kushoto bila sababu, na mkono wake ukaenda kulia, ukamega ugali, ukachovya mezani patupu. Mama Tumaini akalirudisha bakuli haraka na kuniangalia usoni, jicho lile la mama anayekuambia funga mdomo. Nikainama nikala.

Wiki hiyo hiyo, jioni, niko chumbani nachambua majani, nikawasikia juu ya ukuta. "Baba Tumaini, utawaambia lini?" Mzee akajibu taratibu, "Niwaambie nini? Mikono ninayo." Mama akasema, "Rangi unaijua kwa mikono? Kucha unazijua kwa mikono?" Mzee akasema neno ambalo nalisikia mpaka leo: "Nikiacha mimi, chama kinakufa. Hawataamini jaji mwingine, kila mtu atasema amependelewa jirani yake. Watachinja mbegu yote ndani ya miezi sita. Niache mwaka mmoja tu, nipate wa kumwachia." Mama akashusha sauti: "Na huyo kijana ameshaona." Mzee akacheka kidogo. "Najua ameona. Nilijua ataona, ndiyo maana nimempa chumba."

Kesho yake aliniita bandani akaniambia wazi. Anaona mwanga na vivuli, basi, mengine ni ukungu. Njia zote za Isansa anazijua kwa miguu, hakuna anayemshuku. Kwenye meza ya maonyesho atatumia mikono kwa mwili wa sungura, na kwa macho atanitumia mimi. "Karani hana mdomo," akasema, "hiyo ni sheria ya chama. Karani anaandika tu. Lakini jaji ana haki ya kumuuliza karani ameandika nini. Umenielewa?" Nilimwelewa. Ulikuwa ujanja mzuri, na sisemi kwa kujisifu, bila mimi usingefanya kazi. Sungura analetwa amefunikwa, hana jina, ana namba tu ya kalamu ndani ya sikio, na orodha ya majina anayo katibu. Anapimwa uzito kwa mizani ya kahawa, ndani ya mfuko. Kisha anawekwa mezani juu ya gunia asiteleze. Mzee anafumba macho, na watu walidhani ndiyo utaalamu wenyewe, anapitisha viganja kutoka shingoni mpaka mkiani, anabonyeza kiuno, anapima mapaja. Halafu anapuliza manyoya na kuniuliza kwa sauti ya ukali, kama mwalimu anayenipima, "Duara, karani?" Nami, kama nasoma kwenye kadi ya hukumu, "Duara kamili, Mzee." Anasema, "Nimeona." "Rangi?" "Safi." "Nimeona." "Kucha?" "Kumi na nane, zote nyeusi." "Nimeona." Sungura ana kucha kumi na nane, tano kila mguu wa mbele, nne kila wa nyuma, na wa kijivu mwenye ukucha hata mmoja mweupe alikuwa anatoka mashindanoni hapo hapo, hata awe mzuri namna gani. Hiyo ilikuwa sheria ngumu kuliko zote, Mzee alisema ukucha mweupe ni damu iliyoingia mlango wa nyuma.

Watazamaji walikaa nyuma ya kamba ya katani, hatua kumi kutoka mezani, wasishtue wanyama. Mbele kabisa, kila maonyesho, alikaa Tabitha. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, mjane wa mapema, anauza ndizi na parachichi Mlowo, na alikuwa na jike la kijivu alilomwita Bibi Arusi. Midomo yake ilikuwa mikali. "Karani," alinitania mbele za watu, "leo umeoga au umepulizwa?" Nikamjibu, "Wewe mlete huyo bibi arusi wako, tuone kama ana mahari." Watu wakacheka mpaka Mzee akagonga meza. Maonyesho ya kwanza, kwenye mnada, tukitumia madawati ya shule, Bibi Arusi alishinda. Ya pili, Mlowo, akashinda tena. Mimi nilisoma kucha zake kwa haki, kumi na nane, zote nyeusi kama mbegu za mpapai. Nilisoma za kila mtu kwa haki. Mzee wa kanisa mmoja alikuwa na dume lenye doa jeupe tumboni, nikasema doa, na yule mzee hakunisalimia mpaka mavuno. Nataka hili lijulikane. Mwaka mzima nilikuwa macho ya mtu mwingine na sikumdanganya hata mara moja, isipokuwa moja, nitaifikia.

Kilichoharibu ni Kaisari. Maonyesho ya tatu Mzee alisimama akatangaza kwamba mwisho wa mwaka anavua koti. Lile koti jeupe la ujaji, refu, lenye madoa ya kahawa mfukoni, angelitundika. Na mfugaji ambaye sungura wake atashika nafasi ya kwanza kwenye maonyesho ya mwisho, huyo atamchukua Kaisari nyumbani kwake, na mbegu itaendelea kutoka kwake. Mwenye Kaisari ndiye angekuwa na watoto wenye kadi, na kila mfugaji kutoka Ileje mpaka Momba angekuja mlangoni kwake. Sheria haikumkataza karani kuwa na sungura mashindanoni. Karani ni mkono tu, hana mdomo.

Na mimi nilikuwa na Waziri. Alikuwa mtoto wa lile jike langu la kwanza, nilimlea kwa majani ya viazi na pumba, mgongo wake umejaa, ukimshika unahisi umeshika mkate uliotoka jikoni. Nawaambia ukweli, hakukuwa na sungura mzuri kuliko huyo nyanda zote za Mbozi, hata Bibi Arusi. Ila mguu wa nyuma wa kulia, kidole cha nje, ukucha ulikuwa mweupe kama punje ya mchele. Niliuangalia ule ukucha kila asubuhi kwa miezi mitatu. Nilikuwa naongea nao. Nilitaka Kaisari, nilitaka watu waje mlangoni kwangu waseme hodi na kunisubiri. Ambaye hajawahi kusukuma baiskeli ya mtu mwingine kwenye vumbi la mpakani hataelewa nilivyotaka. Nikapanda gari kwenda Tunduma, nikaingia kwenye duka la mama mmoja wa Kiislamu anayeuza udi na vipodozi, nikanunua piko, ile rangi nyeusi ambayo wanawake wanapaka nywele na kuchorea mikono siku za harusi. Akaniuliza, "Za bibi arusi hizi?" Nikasema ndiyo. Piko haikuwa ya kumdanganya Mzee. Mzee angedanganywa na mdomo wangu. Piko ilikuwa ya watu, maana mshindi anawekwa kwenye tundu na kila mmoja anapita kumwangalia.

Maonyesho ya mwisho yalifanyika kahawa ilipokwisha kukauka, vichanja vya kuanikia viko tupu, na kichanja kimoja kirefu kilitandikwa magunia kikawa meza. Asubuhi ile Mama Tumaini alinipa chai na kiazi akaniambia, "Leo ndiyo mwisho, mwanangu. Umemsitiri mzee wangu mwaka mzima, Mungu akulipe." Kiazi nikakirudisha kwenye sahani. Tulianza na majike, tukamaliza na madume, halafu wawili waliobaki wakarudishwa mezani kwa nafasi ya kwanza. Namba tano, Bibi Arusi, nilimjua. Mzee akamshika, akamsifu kiuno. "Kucha?" "Kumi na nane, zote nyeusi." "Nimeona." Namba tisa, Waziri. Mzee akaweka viganja. Vikaenda shingoni, mgongoni, vikasimama. Vikarudi tena mgongoni. Alikuwa anamjua. Namba zile na vile vifuniko havikuwa na maana yoyote kwake, alikuwa akipita bandani kwangu kila jioni kumpapasa Waziri na kuniambia, "Huyu, kijana, huyu angekuwa wa kwanza, kama si ule ukucha." Maana nilikuwa nimemwambia mwenyewe, Waziri alipozaliwa. Nilikuwa nimemwambia, na tamaa ikanifanya nidhani wazee wanasahau. Akapuliza. "Duara, karani?" "Kamili, Mzee." "Nimeona." "Rangi?" "Safi." "Nimeona." Kisha akakawia. Upepo ulikuwa unapeperusha kamba. "Kucha, karani?"

Nikasema, "Kumi na nane, zote nyeusi."

Alikaa na mikono yake juu ya Waziri muda ambao sitaweza kuupima. Angeweza kuniumbua. Lakini angesema nini? Kwamba ule ukucha ni mweupe, na yeye haoni, na waliokuwa mbele yake piko ingewaonyesha mweusi? Au angesema kwamba mwaka mzima aliyehukumu ni kijana wa kupanga? Akainua uso kuelekea niliposimama, macho yake yale ya maziwa, akasema polepole, "Nimesikia." Hakuna aliyeshtuka. Tabitha peke yake alinyanyua kichwa. Nami nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: nafasi ya kwanza, namba tisa.

Jioni ile Mzee alilitundika koti kwenye msumari, akamtoa Kaisari juu ya kabati mwenyewe, akanikabidhi. Hakunigombeza. Alisema, "Usimweke karibu na bati, joto litamuua." Hilo tu. Tulikula wali siku hiyo, Mama Tumaini alifurahi, alinipakulia mara mbili. Kesho yake nikaondoka. Tunduma nikapata chumba nyuma ya gereji, nikazalisha, na Wazambia wa Nakonde wakawa wanavuka kunitafuta, wananiita Ba Kalulu, yaani mheshimiwa sungura, na hodi zikagongwa mlangoni kwangu kama nilivyotaka. Kutoka sungura nikaenda baiskeli zangu mwenyewe, kutoka baiskeli pikapu, kutoka pikapu lori. Yote nimeyafanya kwa mikono hii, hakuna mjomba aliyenisaidia. Ila chama cha Isansa kilikufa mwaka uliofuata, kama Mzee alivyosema, na koti halikuvaliwa tena.

Alhamisi nilifika msibani na ng'ombe mmoja na mchele, Jofrey akanishika mkono kushuka kwenye gari kwa sababu ya mitaro. Tumaini, mtoto wa marehemu, mwalimu sasa, akanipokea: "Kaka, karibu sana. Baba alikuwa anavaa mablanketi yako mpaka yanachanika." Baada ya wasifu kusomwa, akatangaza, "Sasa tumsikie mtu aliyekuwa mkono wa kulia wa Baba. Bosi, neno kidogo." Nilisimama mbele ya jeneza. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba nitasema. Lakini kusema nilichofanya ilikuwa lazima niseme kwanza kwamba Mzee alihukumu mwaka mzima bila kuona, na mbele yangu, kwenye mabenchi, walikaa watu ambao bado wana kadi zake za ushindi zimefungwa kwa fremu ukutani. Ningemzika mara mbili. Nikasema nilichozoea kusema: mnayemwona hapa alianza na sungura mmoja, na sungura huyo alitoka mkononi mwa marehemu. Wakacheka kile kicheko laini cha msibani, mchungaji akasema amina. Nikakaa. Sijawahi kuchoka namna hiyo, hata siku za baiskeli.

Baada ya chakula nikasikia sauti nyuma yangu. "Karani. Umenenepa."

Hakuna mtu ananiita karani. "Tabitha," nikasema.

"Mama Eliya, bwana. Nina wajukuu." Akavuta kiti. Sura yake ilikuwa kivuli tu, lakini sauti ni ileile. "Ile piko ulinunua kwa nani? Ilikuwa mbaya. Ilinuka mpaka kwenye kamba."

Nikamwuliza, "Ulijua lini?"

"Siku ileile. Mwanamke asijue piko? Nilikwenda kwenye tundu, nikainama, nikanusa, nikarudi kukaa."

"Mbona hukusema? Kaisari alikuwa wako."

"Ningesema nini? Ningeinua ule mguu, watu wangeuliza jaji alikuwa anatazama wapi. Mimi nilishajua haoni tangu Mlowo, alipomsifu mama mmoja kwa kitenge chake chekundu, na mama wa watu kavaa kijani. Ningekumaliza wewe, na yeye ningemmaliza. Nikasema, acha aende naye huyo Kaisari." Akasogeza kiti. "Yuko wapi?"

"Alikufa mwaka wa pili. Joto la bati."

"Na watoto wake?"

"Waliliwa. Wote. Walionunua walikuja kwa ajili ya nyama, kadi walifungia karanga."

Hakusema pole, wala hakunitukana. Alisema tu, "Leo pale mbele ulifanya vizuri kunyamaza. Palikuwa pa Mzee. Lakini nenda kaandike, maana wewe ndiye karani. Andika kwamba kadi zake zote zilikuwa halali isipokuwa moja, na hiyo moja ni yako." Basi nimeandika. Wenye kadi ukutani waziache zilipo. Yule mzee wa kanisa, dume lake kweli lilikuwa na doa. Na nafasi ya kwanza ya mwaka ule ilikuwa ya namba tano, Bibi Arusi wa Tabitha.

Kabla sijaondoka alinipeleka kwake, nyumba ya tatu kutoka kwa Mzee. Ukutani ameegesha mabanda ya mianzi na mabanzi, mawili juu, mawili chini, harufu ileile ya majani makavu. Alikuwa ameendelea peke yake miaka yote, bila Kaisari, bila maonyesho, anazalisha watoto wa watoto wa Bibi Arusi. Akatandika gunia kwenye meza ya jikoni, akaleta sungura akamweka mbele yangu. "Haya," akasema, "hukumu."

Nikamwambia, "Tabitha, mimi sioni siku hizi."

"Najua. Nimekuona ukichovya nyama mezani."

Nikaweka viganja. Shingo nzuri. Mgongo umejaa, mrefu kidogo kuliko nipendavyo. Kiuno imara, mapaja mazito, manyoya yanarudi polepole ukiyasukuma kinyume. Nikapuliza, sikuona kitu, kijivu ndani ya kijivu. "Duara?" nikauliza, na sauti yangu ikatoka kama ya Mzee bila mimi kutaka.

"Kamili."

"Nimeona. Rangi?"

"Safi."

"Nimeona." Nikaushika mguu wa mbele. "Kucha?"

Akaanza kuzihesabu kwa sauti, mguu mmoja baada ya mwingine, ananishikisha kidole changu juu ya kila mmoja, mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto. Hakuharakisha. Sungura alikuwa wake, meza yake, na hakuna mtu mwingine jikoni. "Kumi na saba nyeusi," akasema. "Ukucha mmoja mweupe. Nyuma kulia, kidole cha nje."

Nikaushika huo ukucha. Ulikuwa kama zingine zote.

"Nimeona," nikasema. "Kwa sheria ya Mzee, huyu anatoka."

"Najua anatoka," akasema Tabitha. "Nilitaka nikusikie ukisema." Akambeba sungura wake akamrudisha bandani, kisha akaniletea maji ya kunawa.